Mpwa Hakutajwa

Pembeni ya ofisi ya kijiji chetu imening'inia rimu ya lori ambayo mimi mwenyewe nilipiga marufuku kuigonga. Kusema kweli si mimi niliyepiga marufuku, ni sheria. Mimi nilitumwa tu kuitangaza, nami nikaitangaza kwa kinyongo. Zamani rimu ikigongwa mara tatu, ikanyamaza, ikagongwa tatu tena, kila mtu alijua mwizi kakamatwa, na kila mmoja alikuja na kitu mkononi. Siku hizi inapulizwa filimbi, wanakuja walinzi wa zamu peke yao. Wezi wetu wanastarehe.

Asubuhi ile ya Julai nilipoisikia rimu nikiwa shambani, nilikasirika kwanza kabla ya kuogopa.

Nilikuwa nimesimama kwenye mikorosho yangu natazama maua. Yalikuwa yameanza kuwa meupe kwa ubwiri unga, kama yaliyomwagiwa sembe, na dawa hakuna. Salfa ya kijiji kizima ilikuwa imeibwa ghalani siku mbili nyuma, mifuko themanini, na ugonjwa wa maua hauna subira. Siku kumi bila kupuliza dawa, maua yanakauka, na mwaka wetu umekwisha kabla ya msimu kufunguliwa.

Tatu. Kimya. Tatu tena.

Nikatupa jembe, nikakimbia. Naitwa Salmini, kamanda wa ulinzi wa kijiji kilicho ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, mbele ya Chilangala, pale ardhi inapokatika ukauona Mto Ruvuma chini, na ng'ambo yake Msumbiji. Nina miaka sitini na moja na goti moja bovu. Njiani nilikuwa naitukana sheria, kama kawaida yangu.

Baba yangu alilinda mpaka huu kwa bunduki ya mgambo, wakati wa vita vya Msumbiji. Mimi nilipoingia sungusungu bunduki zilikuwa zimesharudishwa serikalini. Tulikuwa na pinde, marungu na kamba, hatukuwa na sheria hata moja, na mwizi alituogopa kuliko simba. Mwishoni mwa miaka ya themanini serikali ikatutambua kisheria. Tulicheza ngoma siku mbili. Hatukujua kwamba anayekutambua ndiye anayepata nafasi ya kukukataza. Kwanza tukaambiwa kukamata sawa, kuchapa marufuku. Kisha kamba ikaondoka. Kisha likaja jina jipya, ulinzi shirikishi, pamoja na vizibao vinavyong'aa kama vya mafundi barabara, filimbi moja ya kamanda, na daftari. Daftari! Ukimkamata mtu unaandika jina lake, saa, mahali, na jina la aliyemkamata, kisha unawapigia polisi Newala. Akishaandikwa, ni wa serikali. Atakayemgusa kaigusa serikali.

Mwenye daftari hilo ni msaidizi wangu Cecilia, tunayemwita Mama Felix, mwanamke wa miaka arobaini anayeandika polepole kama anayedarizi. Nilizoea kumtania: "Mama Felix, siku mwizi akikujia na panga, mchome kwa kalamu." Alikuwa akitabasamu kidogo tu, akaendelea kuandika.

Nilipofika ofisini nikakuta umati wa watu kama mia mbili. Katikati ya uwanja lilikuwa limelazwa tairi la pikipiki. Sikuhitaji kuuliza ni la nini.

Mtuhumiwa alikuwa barazani, ameegemea ukuta, shati limechanika, jicho moja limefumba, mdomo umevimba. Cecilia alisimama mbele yake na daftari kifuani. Walinzi wawili wa zamu walikuwa kando yake, na vizibao vyao viliwapwaya kuliko siku zote. Nikapanda ngazi, nikamtazama yule mtu, naye akanitazama kwa jicho lililobaki.

"Njomba," akasema.

Alikuwa Faridi.

Asiye wa huku aelewe jambo moja. Faridi ni mtoto wa dada yangu Sikuzani, na kwetu mtoto wa dada ndiye damu yako. Watoto wangu nawapenda, lakini hao ni wa ukoo wa mama yao. Faridi ni wa kwetu. Nilimpeleka jandoni mimi, wala si baba yake. Nikifa, yeye ndiye atakayekalia kiti changu. Kijijini hakuna asiyelijua hilo, hata mtoto anayenyonya.

"Kakamatwa kwenye njia ya kushukia mtoni," Cecilia akaniambia kwa sauti ya chini. "Mifuko minne ya salfa juu ya pikipiki. Nimeshapiga simu Newala. Gari linatoka sasa. Ni mwendo wa saa mbili mpaka lifike, barabara unaijua."

"Umeshamwandika?"

"Nusu. Jina lake ninalo. Aliyemkamata hataki kutaja lake."

Nikaelewa. Ukurasa usio na jina la aliyekamata haujakamilika, na mtu wa ukurasa nusu bado ni wa umati.

Aliyemkamata alikuwa Anderson. Huyu Anderson ni mzee wa kanisa, mpole, mwenye mikorosho mia tatu na watoto saba, mtu ambaye kuku akiingia jikoni kwake humwomba radhi kabla ya kumtoa. Siku hiyo alishika chupa ya maji iliyojaa petroli. Macho yake yalikuwa mekundu, na nadhani alikuwa hajalala tangu salfa iibwe.

Nikapuliza filimbi. Miaka yote hiyo haijawahi kunitupa. Watu walirudi nyuma hatua mbili tatu, nikapumua.

"Jamani, mwizi kakamatwa, kazi imekwisha," nikasema. "Polisi wako njiani. Kila mtu arudi kwake."

Hakuna aliyerudi kwake.

"Kamanda," Anderson akaita. "Shikamoo."

"Marahaba."

"Huyo mtu hapo barazani ni nani yako?"

Ndani ya ofisi, ukutani, umebandikwa mwongozo wetu wa ulinzi, karatasi yenye mhuri. Mimi niliyekuwa naitukana kila siku naijua kwa moyo kuliko wanaoisifu. Inasema kamanda atajitoa endapo mtuhumiwa ni mzazi wake, mwenzi wake, mtoto wake, au ndugu wa kuzaliwa naye. Aliyeiandika hakuwa mtu wa huku.

"Mwongozo umetaja mzazi, mke, mtoto na ndugu wa kuzaliwa," nikasema kwa sauti ya kikamanda. "Mpwa hakutajwa. Kisheria nina haki ya kusimama hapa."

Nilikuwa mjinga kiasi gani! Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia, na Mungu asinisikizishe tena. Ningewaambia kwamba Faridi ni mwanangu, pengine wangenivumilia, kwa sababu baba anaweza kumkana mtoto. Lakini mjomba, huku kwetu, asimame mbele ya watu na kudai mpwa si kitu? Walijua papo hapo kwamba nitamwachia atoroke.

"Mjomba anamlinda mrithi wake!" mwanamke mmoja akapaza sauti nyuma.

"Na ghala kamfungulia mwenyewe!"

Jiwe la kwanza lilinipata kwenye paji la uso. Sikuhisi maumivu, nilihisi aibu. Nikatafuta rungu kiunoni kwa mkono wa kulia, mazoea ya zamani, nikakuta filimbi tu inaning'inia. Laiti ningekuwa na rungu! Ningempasua mtu siku ile, nasema wazi, na wao wangetuchoma wote wawili.

Wale walinzi wawili wakashuka upande wa pili wa baraza na kupotea. Siwalaumu. Umati ukasogea. Anderson akafungua kizibo cha chupa.

"Baba Zabibu," Cecilia akaniita kwa jina la binti yangu, na si kwa cheo. "Nipe filimbi."

"Nini?"

"Filimbi na kizibao. Jitoe. Ukiendelea kusimama hapa watamchoma."

Sikumpa. Na sababu ya kutompa nitaisema, ingawa kijijini inajulikana na hakuna anayeitaja.

Mwaka tisini na nne baiskeli iliibwa, na sisi sungusungu tukamkamata Nikolao, baba yake Cecilia. Alikuwa fundi seremala. Alikana. Sheria ya kutukataza tulikuwa nayo tayari, imekunjwa mfukoni mwa mwenyekiti, lakini polisi walikuwa mbali na sisi tulikuwa na hasira. Tulimfunga kwenye mkorosho tangu asubuhi mpaka jua linazama, ili aseme. Binti yake wa miaka kumi na moja alileta maji kwenye kikombe, tukamfukuza. Mmoja wetu alikaza fundo kupita kiasi. Tulikuwa kumi na wawili, nani atakumbuka fundo lilikuwa la nani. Madaktari wa hospitali ya Ndanda walifanya waliloweza, ila mkono wa kulia ulikuwa umeshakufa, wakaukata juu ya kiwiko. Wiki ileile baiskeli ikaonekana: shemeji wa mwenye baiskeli aliichukua bila kuaga, akaenda nayo msibani Lupaso. Tulimpelekea Nikolao kuku wawili. Hajashika randa tena.

Yule binti wa kikombe ndiye aliyekuwa ananyoosha mkono kuomba filimbi, na nyuma yake ameegemea ukuta mpwa wangu wa pekee. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Nikamtazama usoni nikitafuta kisasi. Nilitafuta kweli, kwa sababu mimi ningekuwa nacho. Nikaona uso uliochoka, wenye jasho, unaoogopa kama wangu.

"Mama Felix," nikasema. "Huyu ndiye niliye naye."

"Najua ndiye uliye naye. Na wao wanajua. Ndiyo maana nakwambia nipe."

Nikavua kizibao. Nikavua filimbi shingoni, kamba yake ikanasa sikioni. Nikamkabidhi mbele ya watu wote, kisha nikashuka ngazi zile tatu kuelekea kwenye umati, kwa maana anayejitoa haruhusiwi kubaki karibu na mtuhumiwa. Walinipisha. Nikaenda nikakaa chini kwenye vumbi, karibu na tairi, damu inanitiririka usoni. Nilikuwa nimemwacha Faridi mikononi mwa mtu mwenye kila sababu ya kumwachia afe, na sikuwa na la kufanya tena. Sijawahi kuwa mdogo kiasi hicho tangu nizaliwe.

Cecilia hakupuliza filimbi. Alivaa kizibao juu ya khanga, akafunga vishikizo vyote, kimoja kimoja, watu wakimtazama. Akafungua daftari.

"Naandika," akasema. "Kila mtu atakayefanya jambo hapa leo namwandika. Nikikosea jina mnisahihishe. Aliyegonga rimu nani?"

Akatembeza macho juu ya vichwa vya watu.

"Salome, nilikuona. Salome binti Dastani, saa tatu na robo." Kalamu ikatembea. "Aliyeleta tairi? Naona ni la duka la pale kona. Mahmudu, duka ni lako, wewe ndiye uliyelitoa?"

"Wamelichukua tu, Mama Felix," Mahmudu akajibu haraka. "Mimi sikutoa."

"Basi naandika: limechukuliwa bila ridhaa. Nani kalichukua?"

Watu wakaanza kutazamana. Aliyerusha jiwe akaulizwa jina, akajifanya anakohoa. Nikaona jambo ambalo miaka yote sikuliona: umati hauna jina, na ndiyo nguvu yake. Kila jina lililoingia mle daftarini, mtu mmoja alitoka kwenye umati akawa mtu, mwenye mama, mwenye shamba, mwenye kesho. Wa nyuma wakaanza kukumbuka kwamba wameacha vyungu motoni.

Lakini Anderson hakurudi nyuma. Alipanda ngazi ya kwanza. Akapanda ya pili. Harufu ya petroli ikanifikia hata mimi nilipokuwa. Kutoka ngazi ile mpaka miguu ya Faridi palikuwa na hatua mbili, na katikati yake Cecilia, mfupi kwa Anderson kwa kichwa kizima.

Nikainuka. Cecilia akaniona. Akanyoosha kidole kimoja tu, kunionyesha chini, kama anavyofanya mwalimu. Nikakaa. Huo ndio ujasiri mkubwa niliowahi kuufanya, na ulikuwa wa kukaa.

"Jina lako," akamwambia Anderson.

"Mama Felix, unanijua."

"Mimi nakujua. Daftari halikujui."

"Maua yanakauka," Anderson akasema. Mdomo ulikuwa unamcheza. "Miti mia tatu. Nina watoto saba. Huyu anavusha dawa yetu Msumbiji akauze, sisi tule nini?"

"Hayo nitayaandika yote, neno kwa neno. Ukikaa hapa ukanitajia jina, wewe ndiye uliyemkamata mwizi wa salfa, na mahakamani utaitwa shahidi. Ukimwaga hiyo, nitaandika jina lako mwenyewe bila kukuuliza, na utaitwa kitu kingine. Ukurasa ni mmoja, kaka yangu. Uchague mstari."

Kalamu ilikuwa imegusa karatasi, haijatembea. Nilimsikia Faridi anahema.

Anderson akafunga kizibo. Akafunga vibaya, petroli ikamlowesha vidole, akajaribu tena. Kisha akakaa kwenye ngazi, akataja jina lake kamili na la baba yake na la kitongoji, huku analia kwa sauti, mtu mzima yule. Cecilia akaandika kila kitu, akampa kalamu asaini. Kisha akafunga daftari, akasema kwa wote waliobaki, "Amekamilika. Ni wa serikali."

Gari la polisi lilikuta watu kama thelathini. Afande alisoma ukurasa, akauliza ni nani aliyeandika vizuri hivi. Faridi alipopitishwa mbele yangu na pingu alisimama. "Nimebeba, njomba," akasema kwa ule mdomo uliovimba. "Ghala sikuvunja. Walionituma nimemtajia Mama Felix." Nikamwambia aende akaseme hivyohivyo. Dada yangu Sikuzani alikuwa amefika, hana viatu, akaning'ang'ania shati nyuma mpaka gari likapotea. Faridi atafungwa, najua. Sheria ni msumeno. Lakini wa kufungwa yuko hai, anapelekewa uji, na jioni hiyo mifuko sitini na sita ikapatikana imefunikwa kwa majani kwenye mteremko.

Watu walipokwisha nikapanda barazani. Cecilia alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani.

"Ahsante," nikasema. Neno dogo, nilitafuta kubwa nikalikosa.

Akatikisa kichwa. Nikanyoosha mkono kupokea filimbi yangu.

Hakunipa. Alifungua daftari, akafunua ukurasa mweupe, akaunyoosha kwa kiganja.

"Kuna tukio moja halijaandikwa," akasema. "Miaka ishirini na tisa. Sikutaka kulileta leo asubuhi, ungefikiri nakuuzia mpwa wako. Nimesubiri gari liondoke. Ukitaka, filimbi hii hapa, chukua uende, sitakuuliza tena."

Akaiweka filimbi juu ya benchi, kati yetu.

Niliitazama. Niwe mkweli, nilifikiria kuichukua. Nikafikiria mkono wa Nikolao, jinsi anavyosalimia kwa kushoto na kuomba radhi kila mara, miaka yote, kana kwamba kosa ni lake. Nikakaa.

"Jina?" akauliza.

"Unanijua, Mama Felix."

Kalamu ilisubiri.

"Salmini bin Faraji Nantanda," nikasema.

Akaandika, polepole. Akaandika mwaka. Akaandika mahali, na jina la baba yake, bila kuniuliza, na herufi zake hazikuyumba.

"Aliyefunga kamba?"

Kumi na wawili, nani atakumbuka. Hivyo ndivyo nilivyosema kwa mwenyekiti, kwa wazee, kwa mke wangu, na hata kwako msomaji, muda mfupi uliopita.

"Fundo lilikuwa langu," nikasema. "Nilikaza mara ya pili, baada ya wewe kuleta maji."

Kalamu ikasimama. Akainamisha kichwa, bega lake likapanda na kushuka mara moja, mara mbili. Kisha akaandika, neno kwa neno, akanigeuzia daftari nisaini.